Kwa nini video ya ukumbini inakatika kila inaporudi mwanzo

*"Jambo sana yaya. Mimi ndiye ninayeshughulikia skrini katika ukumbi mmoja wa harusi huku Katuba, Lubumbashi. Maharusi huniletea video fupi ya sekunde 20: majina yao, maua yanaanguka polepole, na wimbo chini yake. Wanataka izunguke nyuma ya meza yao tangu wanapoingia mpaka wageni watawanyike. Naifungua kwa VLC na kuweka ijirudie. Kila ikifika mwisho skrini inakuwa nyeusi kidogo, maua yanaruka, na muziki unapiga 'tak'. Watu wote wanageuka kuangalia. Mwenzangu mmoja anasema kompyuta haina nguvu, niongeze RAM. Mwingine anasema niigeuze iwe AVI. Wa tatu anasema niitoe kwa ubora mkubwa zaidi. Na siku nyingine hakuna kompyuta, ni televisheni na flashi tu. Kabla sijatoa pesa, tatizo ni nini hasa?"*

Jambo, mdogo wangu. Aksanti kwa kueleza vizuri hivi, maana umenirahisishia kazi. Pesa yako iache mfukoni: RAM haitakusaidia hapa. Katika maelezo yako naona matatizo matatu yanayotokea kwa wakati mmoja, ndiyo maana yanaonekana kama tatizo moja. Skrini kuwa nyeusi lina chanzo chake, maua kuruka lina chake, na huo mlio wa muziki vilevile. Ukitibu moja na kuacha mawili, utadhani dawa haifanyi kazi.

Kwanza tuwajibu wenzako. Kompyuta iliyolemewa hujionyesha popote katika video: picha inasitasita katikati, sauti inatangulia au inabaki nyuma, feni inavuma. Kama maua yanaanguka vizuri kwa sekunde 19 na yanasumbua mwishoni tu, kompyuta yako inaiweza kazi hiyo. AVI nayo ni kasha tu la kubebea picha na sauti, kama MP4, Microsoft ililitoa mwaka 1992. Unaweza kuhamisha picha zilezile kutoka MP4 kwenda AVI na video isibadilike hata chembe, isipokuwa televisheni nyingi zitaisoma kwa shida zaidi. Ubora mkubwa zaidi, huo unaweza hata kukuongezea tabu, kwa sababu faili inakuwa nzito na kila inapoanza upya kuna data nyingi zaidi ya kusoma kutoka kwenye flashi yenye kasi ndogo. Na kama kuna mtu atakushauri GIF kwa kuwa "GIF zinazunguka zenyewe", mkatalie: kila picha ya GIF haizidi rangi 256, gauni jeupe litatoka na madoa, na faili itakuwa kubwa kuliko video yenyewe.

Sasa huo weusi. Unaweza kutoka sehemu mbili, na kuna njia ya kujua ni ipi bila kubahatisha. Fungua video katika VLC, isogeze hadi karibu na mwisho, simamisha, kisha bonyeza herufi E kwenye kibodi. Kila ukibonyeza, video inasogea fremu moja, yaani picha moja tuli kati ya zile zinazoiunda. Endelea taratibu mpaka mwisho kabisa. Ukikutana na fremu nyeusi, hata moja, basi weusi umo ndani ya faili yenyewe na hakuna programu ya kuchezea itakayouondoa. Hili ni jambo la kawaida sana kuliko watu wanavyofikiri. Aliyetengeneza video aliweka wimbo chini ya picha, wimbo ukazidi picha kwa nusu sekunde kwenye mstari wa kuhariria, na alipoitoa, programu ikajaza pengo hilo kwa weusi. Au aliweka picha ichomoze kutoka gizani mwanzoni na kuzama gizani mwishoni, kitu kizuri kwa video inayotazamwa mara moja, lakini kibaya kwa video inayozunguka. Rudi kwenye programu ya kuhariri, kata mkia huo, ondoa giza la mwanzo na la mwisho, itoe upya.

Ukifika mwisho bila kuona fremu nyeusi, weusi unatoka kwenye kichezaji. VLC ni programu ninayoipenda na inafungua karibu kila kitu, lakini namna yake ya kurudia ni kumaliza faili, kuifunga, na kuifungua tena kana kwamba ni mpya. Inasoma upya orodha ya yaliyomo, inaandaa upya kifaa cha kufumbua picha, inajaza akiba kidogo ya data, ndipo inaonyesha fremu ya kwanza. Yote hayo ni sehemu ndogo ya sekunde, na kwenye skrini ya simu usingejali. Kwenye ukuta wa ukumbi, picha ina upana wa mita kadhaa na taa zimepunguzwa, kwa hiyo hata sehemu ndogo hiyo ni kama mtu amezima na kuwasha taa.

Upande wa sauti una hesabu yake, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu watu wengi hawaelezwi. Video yako ikiwa na fremu 30 kwa sekunde, sekunde 20 ni fremu 600 kamili, inaisha pale inapotakiwa kuisha. Lakini sauti ndani ya MP4 kwa kawaida imekandamizwa kwa namna inayoitwa AAC, na AAC haihifadhi sauti kwa sekunde. Inaihifadhi kwa vifurushi, kila kifurushi kina sampuli 1,024, yaani vipimo vidogo vya sauti. Sauti ya sampuli 48,000 kwa sekunde, ukizidisha kwa sekunde 20, ni sampuli 960,000. Gawanya kwa 1,024: unapata vifurushi 937 na nusu. Nusu kifurushi hakipo. Programu inalazimika kuandika cha 938 na kujaza nusu yake kwa ukimya, kwa hiyo sauti inazidi picha kwa takriban milisekunde 11. Juu ya hapo, namna AAC inavyofanya kazi inahitaji ukimya mwingine kidogo mwanzoni ili kujiandaa, mara nyingi sampuli 1,024, na baadhi ya programu huweka 2,112. Faili nyingi zina alama ya kukiambia kichezaji "ruka ukimya huu", lakini si kila kichezaji kinaiheshimu, hasa vile vya televisheni. Hivyo wimbo unakatwa, kunakuwa na tundu dogo la ukimya, kisha unaanza kwa ghafla. Hiyo ndiyo "tak" yako. MP3 nayo ina ugonjwa huohuo, usikimbilie huko.

Ushauri wangu kuhusu sauti ni wa moja kwa moja: iondoe kabisa. Ukumbini tayari kuna dijei. Wimbo wa sekunde 20 unaojirudia kwa saa nne hauwapendezi hata maharusi wenyewe, wao walitaka picha tu. Toa video bila mstari wa sauti wowote, na muziki upite kwenye mikseri kutoka kwenye simu au kompyuta nyingine. Siyo kunyamazisha kwa kitufe cha spika, maana hapo mstari wa sauti bado umo ndani ya faili na bado unaweza kukifanya kichezaji kingoje mwisho wake. Ufute kwenye programu ya kuhariri kabla ya kutoa. Ukishafanya hivyo tu, tatizo la tatu limekwisha na la kwanza limepungua.

Na siku familia ikisisitiza kuwa wimbo fulani uwe ndani ya video? Basi usizungushe wimbo mfupi. Weka picha zijirudie kwenye mstari wa kuhariria mpaka zifike urefu wa wimbo mzima, au nyimbo kadhaa zikifuatana, utoe faili moja. Kiungo cha sauti kitakuja mara moja baada ya muda mrefu, pale wimbo unapoisha wenyewe kwa kawaida.

Sasa maua yanayoruka. Hapa hata kichezaji bora duniani hakikusaidii, kwa sababu fremu ya 600 na fremu ya 1 hazifanani: ua lililokuwa karibu na meza limepotea, lingine limetokea juu. Hapa kuna ufundi mzuri ambao ningependa kila mtu wa video mjini aujue. Chukua video, ikate katikati, kwenye sekunde ya 10. Nusu ya pili ilete mbele, nusu ya kwanza ipeleke nyuma. Tazama kilichotokea: video mpya inaanza na fremu ya 301 na inaisha na fremu ya 300, fremu mbili ambazo katika video ya awali zilikuwa zinafuatana. Ikijirudia, 300 inaingia kwenye 301 kama ilivyopigwa, hakuna jicho litakalogundua. Mruko sasa umehamia katikati, pale 600 inapokutana na 1, na hapo una uhuru wa kuuficha: zipandanishe nusu mbili kwa sekunde moja na uweke mpito wa kuyeyuka, moja ikififia na nyingine ikijitokeza. Ni kama fundi cherehani anayeunganisha vipande viwili vya kitenge: anatafuta mahali ua linapopokelewa na ua, siyo mahali kitambaa kilipoishia. Utabaki na video ya sekunde 19, kwa kuwa sekunde moja imetumika kupandanisha. Premiere, Kdenlive, Shotcut, hata CapCut ya simu, zote zinaweza kufanya hivi, na Kdenlive na Shotcut ni za bure.

Uangalifu mmoja: majina ya maharusi yasipite kwenye huo mpito kama yanasogea. Herufi zikiyeyuka juu ya herufi, zinaonekana mara mbili kwa sekunde nzima, na hakuna mzazi anayetaka kuona jina la binti yake likiwa na kivuli. Weka majina kwenye tabaka la juu, yakae palepale tangu mwanzo hadi mwisho, na chini yake ndipo maua yazunguke. Kwa hiyo mwombe aliyetengeneza akupe maua peke yake bila maandishi, au akupe mradi wake wote. Wengi wanakubali ukiwaomba mapema. Ukiwaomba Jumamosi mchana hawapokei simu.

Kuna wanaopenda njia ya kuchezesha video kwenda mbele kisha kurudi nyuma. Inafaa kwa pazia linalotikisika au mwanga unaopanuka na kusinyaa. Kwa maua yanayoanguka haifai, yataanza kupanda juu. Na kama msanii ametengeneza mzunguko wake vizuri lakini fremu ya mwisho ni nakala ya ya kwanza, futa moja. Zikiachwa zote mbili picha inaganda kidogo kila mara, na jicho linaona.

Baada ya faili kuwa safi, ndipo tuzungumzie kuichezesha. Kwa hali yako, ambapo leo una kompyuta na kesho una televisheni na flashi, mimi ningekuandalia faili moja ndefu. Televisheni nyingi, faili ikiisha, zinaonyesha jina la faili au duara la kusubiri kabla ya kuanza tena, na mara nyingi hakuna mpangilio wa kuzima hilo. Njia ya uhakika ni kuhakikisha faili haiishi kila baada ya sekunde chache. Programu ya bure inayoitwa FFmpeg inaunganisha nakala za video bila kuzikandamiza upya, kwa hiyo ubora haushuki na kazi haichukui muda. Amri ni hii, unaiandika kwenye dirisha la amri la kompyuta:

ffmpeg -stream_loop -1 -i maua.mp4 -an -c copy -t 7200 maua-ndefu.mp4

Kipande cha kwanza kinasema rudia bila kikomo. `-an` ni bila sauti. `-c copy` ni nakili kama ilivyo. 7200 ni sekunde, yaani saa mbili. Ikimaliza, usiiamini tu. Ifungue na utazame viungo viwili vitatu vya kwanza, kisha ruka hadi saa ya pili utazame vingine.

Angalia ukubwa. Flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, na mfumo huo haukubali faili moja inayofika GB 4, hata flashi ikiwa ya GB 64. Hapa ndipo mtu anapokuta nakala inakataa katikati na kusema flashi imekufa. Video ya megabiti 4 kwa sekunde inakula GB 3.6 kwa saa mbili, inaingia. Ukiitoa kwa megabiti 8, saa mbili ni GB 7.2, haiingii. Kwa maua yaliyofifishwa nyuma ya majina, megabiti 4 kwenye ukubwa wa 1920 kwa 1080 zinatosha kabisa. Unaweza kupanga flashi upya kwa exFAT, ambayo haina kizuizi hicho, lakini televisheni kadhaa za zamani haziisomi, na hutaki kugundua hilo maharusi wakiwa mlangoni. Ijaribu flashi kwenye televisheni ileile, siku moja kabla.

Ukiwa na kompyuta, una chaguo jingine la kubadilisha kichezaji. mpv ni ya bure, nyepesi, na ikirudia haifungi dirisha. Inarudi tu kwenye fremu ya kwanza. Fungua video, bonyeza F ijaze skrini, kisha L kubwa iwashe mzunguko. Kwenye kompyuta yenye diski taratibu picha inaweza kuganda kidogo sana, lakini haitakuwa nyeusi. OBS Studio nayo inaweza: unaongeza video kama chanzo, unaweka alama ya kujirudia, unaipeleka kwenye projekta kwa skrini nzima. Inaomba nguvu zaidi ya kompyuta, ila inakupa kitu ambacho mpv haikupi, yaani unaweza kuhama kutoka kwenye maua kwenda kwenye kamera wakati wa kukata keki, kisha ukarudi, bila wageni kuona dawati la kompyuta yako. Kama ukumbi una kameramani, mimi ningejifunza OBS. Kama hauna, faili ndefu ndani ya mpv inatosha. Wasanii wa hapa kwetu wanaoonyesha kazi za video kwenye maonyesho kama Biennale ya Lubumbashi, iliyoanza mwaka 2008, wanakabiliwa na jambo hilihili kutwa nzima, na faili safi ndiyo msingi kwao pia.

Mambo madogo, haraka. Video zinazokuja kwa WhatsApp zimeshakandamizwa. Mwambie bwana harusi aitume kama hati, siyo kama video. Video zilizopigwa kwa simu mara nyingi hazina idadi thabiti ya fremu, kwa hiyo zitoe upya kwa fremu 30 zilizo sawa. Nasema 30 kwa sababu kompyuta na projekta nyingi huchora picha mara 60 kwa sekunde, na 30 inaingia humo mara mbili kamili, wakati 25 haigawanyiki vizuri na maua yatatembea kwa kudundadunda. Zima usingizi wa kompyuta na arifa zote. Na SNEL, shirika la umeme, ikikata umeme, kompyuta yenye batri nzuri inaendelea kuzungusha video wakati projekta imezimika, jenereta ikiwaka unawasha projekta tu na picha inarudi. Televisheni ya flashi inabidi mtu aianzishe tena kwa rimoti, basi rimoti iwe na wewe, siyo kwa mlinzi.

Kuna wakati haya yote hayahusiki na unahitaji mtu aje aone kwa macho. Kama skrini ya kompyuta inaendelea kuonyesha maua lakini projekta inakuwa nyeusi kwa sekunde kadhaa na kuandika kuwa haipati mawimbi, tatizo ni kebo ya HDMI, kibadilishi chake, au soketi iliyolegea. Jaribu kebo nyingine fupi kwanza. Ikiendelea, mwite fundi wa projekta. Kama projekta inazimika yenyewe baada ya muda na inapuliza hewa ya moto sana, safisha kichujio cha nje lakini usiifungue: ndani kuna umeme mkali hata baada ya kuchomoa, na taa yake inaunguza. Kama mlio wa "tak" au mvumo unasikika hata pale video isiyo na sauti inapocheza, basi unatoka kwenye mikseri au kwenye umeme wa jengo, na hapo mtu wa sauti akishirikiana na fundi umeme wapime waya wa ardhi (earth) wa umeme wa ukumbi. Hilo usilicheleweshe, maana mwimbaji anashika maikrofoni ya chuma kwa mikono miwili.

Anza na jaribio la herufi E leo hii, kabla ya kugusa kitu kingine. Ukiona fremu nyeusi, niandikie ni ngapi na ziko mwanzo au mwisho, tuendelee kutoka hapo.